Nyimbo 17 za namba moja, zote za kutungiwa: The Oak Ridge Boys na watunzi wao

Mwenyekiti, walimu wa kwaya, waimbaji wa vikundi vya sauti nne na wapenzi wote wa kantri, hamjambo.

Mada niliyopewa ni nyimbo zilizovuma za kikundi kimoja cha kantri pamoja na watu waliozitunga. Vikundi ni vingi. Nimewachagua The Oak Ridge Boys kwa sababu kati ya 1978 na 1990 walifikisha nyimbo 17 kwenye namba moja ya chati ya kantri ya jarida la Billboard, na katika hizo 17 hamna hata mmoja uliotungwa na wale waimbaji wanne. Zote walitungiwa. Walichokuwa nacho wao na prodyuza wao ni sikio la kuchagua. Basi leo nataka tuitazame hiyo kazi ya kuchagua, maana hapa kwetu tunaimba sana na kupanga sauti sana, lakini wimbo wenyewe mara nyingi tunauchukua kwa sababu tu umesikika redioni.

Kikundi chenyewe nitakieleza kwa ufupi. Jina linatoka Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kazi ya bomu la atomiki. Wally Fowler na wenzake walikwenda kuwaimbia wafanyakazi wa huko, na hapo ndipo lilipotoka jina la Oak Ridge Quartet, kikundi cha injili. Baadaye watu waliingia na kutoka kwa wingi. Wanne tunaowajua kwenye rekodi zilizovuma ni William Lee Golden, baritoni, aliyeingia 1965. Duane Allen, sauti ya kuongoza, 1966. Richard Sterban, besi, 1972, akitokea kwa J.D. Sumner na Stamps, kikundi cha injili kilichokuwa kikimwitikia Elvis Presley. Na Joe Bonsall, tenori, 1973.

Mwaka 1977 waliingia kantri moja kwa moja, prodyuza wao akiwa Ron Chancey, na singo ya kwanza, yaani wimbo unaotolewa peke yake nje ya albamu, ikawa "Y'all Come Back Saloon". Ndiyo, watu waliotoka kwenye injili wanafungua ukurasa mpya kwa wimbo wa mwanamke anayeimba baa. Mashabiki wa zamani walivyolipokea hilo mnaweza kukisia. Mtunzi ni Sharon Vaughn, mama yuleyule aliyeandika "My Heroes Have Always Been Cowboys" iliyoimbwa na Waylon Jennings kisha Willie Nelson. Ulifika namba 3. Ukafuata "You're the One" wa Bob Morrison, namba 2. Kisha "I'll Be True to You" wa Alan Rhody, namba 1, mwaka 1978. Singo tatu, watunzi watatu wasiofanana, na kila wimbo ukipanda hatua moja juu ya ule uliotangulia.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Mtu akipata mafanikio kwa wimbo wa mtunzi fulani, hamu ya kwanza ni kumrudia yuleyule amwandikie mwingine wa namba hiyo. Hawa hawakujifunga hivyo. Kuna waliorudiwa, kwa mfano Sonny Throckmorton wa "Trying to Love Two Women", namba moja mwaka 1980, akarudi na wimbo mwingine mwaka 1982 ulioishia namba 2. Roger Murrah na James Dean Hicks nao walihusika katika namba moja zote mbili za 1987: "It Takes a Little Rain", walioandika pamoja na Steve Dean, na "This Crazy Love". Lakini ukiipitia orodha yote, majina ni mengi kuliko marudio.

Nyimbo hizo zilifikaje kwao? Nashville, mji wa biashara ya kantri, una njia yake. Mtunzi husaini na mchapishaji wa muziki, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zake. Mchapishaji hulipia demo, yaani rekodi ya bei nafuu yenye gitaa, pengine ngoma na mwimbaji mmoja, kisha mtu wake wa kuuza nyimbo huipeleka kwa prodyuza. Prodyuza husikiliza mamia ya demo kwa ajili ya albamu yenye nyimbo kumi. Hapo kosa kubwa ni kuisikiliza demo kama vile ndiyo rekodi. Demo imeimbwa na mtu mmoja. Anayechagulia sauti nne inabidi asikilize kisichokuwepo: besi ataingilia wapi, kiitikio kina nota ndefu ya kutosha ili sauti zikutane, na mstari wa mwisho unaacha pengo au umejazwa maneno hadi mwisho.

Njia ya pili ni kuchimba albamu za watu wengine. Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1978 Rodney Crowell, kijana wa Houston aliyekuwa akipiga gitaa na kuimba katika bendi ya Emmylou Harris, alitoa albamu yake ya kwanza, "Ain't Living Long Like This". Sokoni haikufanya kitu. Lakini watu wa kazi waliisikiliza. Waylon Jennings akachukua wimbo uliobeba jina la albamu, akaufikisha namba moja. The Dirt Band wakachukua "An American Dream", ukavuma hadi kwenye chati ya pop. The Oak Ridge Boys wakachukua "Leaving Louisiana in the Broad Daylight", ambao Crowell aliandika na Donivan Cowart, na mwaka 1980 wakaupeleka namba moja. Na humohumo kwenye albamu ya Crowell mlikuwa na wimbo mmoja ambao yeye hakuutunga, aliukopa tu. Uliitwa "Elvira".

Sasa tuingie kwa "Elvira", maana bila huo nusu yenu msingekuja.

Mtunzi ni Dallas Frazier, mzaliwa wa Spiro, Oklahoma, 1939. Kabla ya hapo alikuwa ameshaandika "Alley Oop", wimbo wa kuchekesha ulioshika namba moja ya pop mwaka 1960 kupitia The Hollywood Argyles, na pia "There Goes My Everything", wa huzuni tupu, uliompa Jack Greene namba moja ya kantri mwaka 1966. Kwa hiyo alikuwa na mikono miwili, wa mzaha na wa machozi. Jina la Elvira alilipata kwenye kibao cha barabara Nashville. Hakukuwa na msichana. Aliurekodi mwenyewe mwaka 1966, ukaishia namba 72 kwenye Hot 100, chati ya pop ya Billboard. Kenny Rogers na First Edition wakaurekodi. Crowell akaurekodi. Kote huko hakuna aliyeufikisha mbali.

Wengi huamini kwamba zile silabi za besi, um-papa-um-papa, ni ubunifu wa Richard Sterban. Sivyo. Zimo kwenye rekodi ya Frazier ya 1966, na mtindo wenyewe ni wa vikundi vya mjini vya mwanzoni mwa miaka ya 1960. The Rivingtons walikuwa na wimbo wa silabi zinazofanana nazo mwaka 1962. Kazi ya Sterban ilikuwa kuziimba akiwa besi halisi. Frazier na Crowell si besi. Kwao silabi zile ni mapambo ya kupita. Kwa Sterban sauti inashuka peke yake chini kabisa, wengine wamenyamaza, kisha wote wanne wanalipuka pamoja kwa kelele ya mpanda farasi wa redio na televisheni, Lone Ranger. Ubeti anauongoza Bonsall, tenori. Yaani wimbo mmoja umeweka sauti ya juu kabisa na ya chini kabisa mbele ya maikrofoni zikipokezana, na mpangilio huo haukuwa kwenye rekodi yoyote kabla yao. Mwaka 1981 ulikuwa namba 1 kwenye kantri na namba 5 kwenye Hot 100, ukauza nakala zaidi ya milioni moja, ukapata Grammy na tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya singo ya mwaka.

Frazier alikuwa ameingizwa kwenye Jumba la Heshima la Watunzi wa Nashville mwaka 1976, miaka mitano kabla ya hapo. Walimheshimu kwa nyimbo nyingine, huku huu mkubwa ukiwa bado umelala kabatini.

Kwa wanaotaka kuuimba, mambo matatu yanaharibika kila mara. La kwanza ni ufunguo. Kikundi kinachagua ufunguo unaomfaa kiongozi, halafu besi anafika kwenye nota ya chini hana kitu, anatoa hewa. Anzeni na besi. Mwulizeni nota ya chini kabisa anayoweza kuiimba kwa nguvu jioni, maana asubuhi sauti ya mwanamume hushuka zaidi na inadanganya. Aimbe kipande chake mara tano mfululizo. Kikikauka mara ya nne, pandisheni ufunguo nusu toni mkajaribu tena, hata kama tenori atalalamika.

La pili ni maikrofoni. Besi aimbe karibu, sentimita 3 hadi 5, kwa sababu maikrofoni nyingi za jukwaani huongeza sauti za chini mdomo unapokaribia. Tenori arudi nyuma, sentimita 10 na zaidi. Lakini kipande kile kimejaa "p", na "p" ya karibu hupiga spika kishindo. Dawa yake ni kuigeuza maikrofoni kidogo ili pumzi ipite pembeni yake. Kuisogeza mbali hakusaidii, kwa kuwa mtapoteza uzito uleule mlioutafuta.

La tatu ni kasi. Watu wakifurahi huukimbiza. Ukikimbizwa, silabi za besi zinashikana na hazisikiki moja moja. Mpiga ngoma ndiye wa kulaumiwa hapo, si besi.

Baada ya "Elvira", angalieni walivyopanga. Singo iliyofuata haikuwa ya kelele. Ilikuwa "Fancy Free", ya polepole, ya Jimbeau Hinson na Roy August. Hinson alikuwa mtunzi katika kampuni ya uchapishaji ya kikundi chenyewe, jambo ambalo nitalirudia kwenye fedha. Ikawa namba moja. Ndipo wakarudi kwenye shangwe kwa "Bobbie Sue" ya Wood Newton, Dan Tyler na Adele Tyler: Bonsall mbele tena, besi tena. Namba moja mwaka 1982, na namba 12 kwenye Hot 100. Hadi hapo mpango ni mzuri: haraka, polepole, haraka. Kisha wakatoa "So Fine" ya Johnny Otis, ambayo The Fiestas waliivumisha 1959. Haraka juu ya haraka, ladha ileile, na kumi bora hawakuiona. Wimbo haukuwa mbaya. Msikilizaji alikuwa ameshakula chakula hicho. Waliporudi polepole na wimbo wa Throckmorton wakafika namba 2, na baada yake "Thank God for Kids" wa Eddy Raven ukafika namba 3, akiongoza Golden.

Huo wa Raven una somo jingine. Mashairi yake ni mtu mmoja anayezungumza kama mzazi. Vikundi hushindwa hapo, kwa sababu watu wanne wakisema "mimi" kwa pamoja msikilizaji haamini. The Oak Ridge Boys walilitatua kwa kumpa mtu mmoja ubeti wote, mwenye sauti inayolingana na maneno, wengine wakaingia nyuma yake au kwenye kiitikio tu. Golden ana sauti nzito yenye mikwaruzo, ukisikia unaona baba. "Dream On" ya 1979, ambayo Righteous Brothers walikuwa nayo kabla, waliikabidhi besi aiongoze. "Gonna Take a Lot of River" ya John Kurhajetz na Mark Henley, namba moja ya 1988, ilimwendea Steve Sanders, aliyechukua nafasi ya Golden mwaka 1987. Kwa hiyo swali la nani aongoze lilijibiwa na mtunzi kabla ya kikao: lilikuwa ndani ya maneno. Katika vikundi vyetu kiongozi ni yuleyule kwa nyimbo zote, kwa cheo, na hili naliona linatuharibia nyimbo nyingi nzuri.

Nyimbo zao pia hazikutoka kantri tupu. "Touch a Hand, Make a Friend", namba moja ya 1985, ni ya Homer Banks, Raymond Jackson na Carl Hampton, watunzi wa Stax, kampuni ya rekodi za soul mjini Memphis, na The Staple Singers walikuwa wameivumisha miaka kumi na zaidi kabla. "I Guess It Never Hurts to Hurt Sometimes", 1984, ni ya Randy VanWarmer, aliyejulikana kwa pop. "American Made", 1983, iliandikwa na Bob DiPiero na Pat McManus, ikawa namba moja ya kwanza ya DiPiero, na kampuni ya bia ya Miller ikaigeuza kuwa tangazo. Katika kazi ya mtunzi, tangazo la namba hiyo huweza kulipa kuliko redio.

Tufike kwenye fedha, maana najua mnazingoja.

Marekani, mtunzi na mchapishaji hulipwa kwa kila nakala inayouzwa, kiwango kikiwekwa na sheria. Kuanzia 1909 kilikuwa senti 2. Mwaka 1978 kikawa senti 2.75, na Julai 1981 kikapanda hadi senti 4. "Elvira" ilitoka Machi 1981, kwa hiyo iliangukia katikati. Kwa nakala milioni moja, senti 2.75 ni dola 27,500. Senti 4 ni dola 40,000. Kwa desturi mchapishaji huchukua nusu. Mtunzi wa peke yake kama Frazier anabaki na nusu yote ya pili. Watunzi watatu wa "Bobbie Sue", wakigawana sawa, kwa kila nakala milioni wangepata kama dola 6,667 kila mmoja. Na santuri ina pande mbili: wimbo wa upande wa pili, ambao hakuna aliyeununulia, hulipwa kiwango kilekile. Ndiyo maana upande huo ulikuwa ukigombaniwa kimyakimya.

Redio ni jambo lingine, na hapa Marekani inashangaza wengi. Redio ya kawaida kule hulipa mtunzi na mchapishaji kupitia vyama kama BMI na ASCAP. Mwimbaji halipwi. Kila "Elvira" ikipigwa redioni Marekani, aliyelipwa ni upande wa Frazier. Wale wanne waliouimba hawakupata senti. Hapa Kenya sheria inamtambua mwimbaji na mtayarishaji pia, ingawa kukusanywa kwa malipo yao ni hadithi nyingine. Sasa mnaelewa kwa nini kikundi kisichotunga huanzisha kampuni yake ya uchapishaji na kuwasaini watunzi kama Hinson: angalau nusu ya mchapishaji inabaki nyumbani. Mnaelewa pia kwa nini walizunguka majukwaani hadi uzeeni. Ziara ya kuaga waliitangaza 2023. Bonsall alistaafu mwanzoni mwa 2024 kwa ugonjwa na akafariki Julai mwaka huohuo. Nafasi yake ikashikwa na Ben James.

Kuna njia tofauti kabisa na hii ya kutungiwa, ya kikundi cha The Statler Brothers wa Staunton, Virginia. Hao walijitungia. "Flowers on the Wall" ya 1965 ni ya Lew DeWitt, tenori wao. Ndugu wawili, Don na Harold Reid, waliandika sehemu kubwa ya nyimbo zao. Namba moja walipata nne tu, na tatu kati ya hizo, ikiwemo "Elizabeth", ni za Jimmy Fortune, aliyekuja kumrithi DeWitt mwaka 1982. Nne dhidi ya 17. Lakini nusu ya mchapishaji na nusu ya mtunzi vilibaki karibu nao, na nyimbo zao zina sauti moja ya kijiji kimoja ambayo The Oak Ridge Boys, kwa uchaguzi wao wote, hawakuwahi kuwa nayo. Mimi ningeenda kusikiliza wa kwanza jukwaani na wa pili nyumbani.

Mwisho, kwa wale ambao mmeniuliza kuhusu kuimba nyimbo hizi kwa Kiswahili. Kurekodi wimbo uleule kwa maneno yaleyale ni rahisi: sheria ya Marekani inaruhusu yeyote kuurekodi upya ukishatolewa, mradi alipe kiwango. Ndivyo "Elvira" ilivyohama kutoka mkono hadi mkono. Kuutafsiri ni tofauti. Tafsiri ni kazi mpya na inahitaji idhini ya mchapishaji, huko na hapa. Tafuteni mchapishaji kwenye hifadhidata za BMI na ASCAP, ambazo ziko wazi mtandaoni. Barua iwe na jina la wimbo, watunzi wote, maneno yenu ya Kiswahili kamili, maelezo ya Kiingereza ya kila mstari neno kwa neno, na mahali mtakapouweka au idadi ya nakala. Msishangae wakitaka tafsiri yenyewe iwe mali yao. Hilo ni la kawaida, na mfasiri wenu ajue mapema kabla hajaanza kuhesabu mrabaha. Msirekodi kwanza ndipo mwombe.

Na mnapojaza fomu, ile nafasi ya mtunzi msiandike "Oak Ridge Boys". Ni kosa linaloonekana kila siku, na malipo hupotea hapo. Kwa "Elvira" andikeni Dallas Frazier, peke yake. Kwa "Leaving Louisiana" andikeni Crowell na Cowart. Kwa "Bobbie Sue" waandikeni wote watatu, Newton na akina Tyler wawili.